Binti yangu kapewa zhongruan: atafundishwa nini hasa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nakaa Singapore na mume wangu ambaye kazi yake ni ya meli. Binti yetu yuko darasa la tatu shule ya msingi. Juzi kaja na karatasi, kachaguliwa kuingia okestra ya ala za Kichina ya shule. Yeye alitaka pipa, ile ala ya nyuzi ya Kichina, kapewa kitu kinaitwa zhongruan. Kichina hajui, nyumbani tunasema Kiswahili na Kiingereza. Jirani kaniambia mambo hayo ni ya ibada zao. Mwengine kaniambia nimnunulie ala mapema asije akaachwa nyuma. Nataka kujua atafundishwa vipi, na je, huo kweli ni muziki wa jadi wa Wachina au ni mashindano ya shule tu? Na mwakani anaweza kuhamia pipa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la zhongruan, maana naona ndilo lililokuuma zaidi.

Jina lake halina fumbo. Zhong ni "ya kati", na ruan ni jina la mtu: Ruan Xian, mwanamuziki wa karne ya 3 aliyesifika kwa kupiga ala ya namna hiyo. Ina kisanduku cha mviringo kama mwezi mpevu, shingo ndefu yenye freti, yaani vijiti vilivyokatiza shingo kuonyesha pahala pa kubonyeza, na nyuzi nne zinazofungwa G na D, kisha G na D tena juu yake. Hupigwa kwa kipande kidogo kigumu, kile ambacho wapiga udi hukiita risha. Jina ni la kale, lakini ala yenyewe unayoiona mikononi mwa watoto imetengenezwa upya katika miaka ya 1950, ikapewa ndugu wa sauti nene anayeitwa daruan, ili okestra ipate tumbo. Ukiiondoa zhongruan katika okestra hutasikia mara moja nini kimepungua, ila utaona muziki umekonda.

Kwa mtoto wa miaka tisa hiyo ni bahati, hata kama leo analia. Freti humshika mkono. Akibonyeza pahala pake, sauti inatoka sawa, na wiki ya pili au ya tatu tayari anapiga kitu ambacho mama yake anaweza kukitambua. Mlinganishe na mwenzake aliyepewa erhu. Erhu ina nyuzi mbili tu, haina ubao wa kubonyezea, vidole vinagusa uzi hewani, na nywele za upinde zimepitishwa katikati ya nyuzi hizo mbili, kwa hivyo upinde hautoki kamwe kwenye ala. Mimi fidla ndiyo iliyonilea. Nilipokaa na erhu kwa mara ya kwanza, ukubwani, nilidhani nitaizoea kwa siku mbili. Mke wangu alinihamishia ukumbini, kisha barazani. Mtoto wa erhu hulia kama paka kwa miezi mizuri kadhaa, na wazazi wake nao wanahitaji subira.

Kwa nini hakupewa pipa? Mwalimu huwatazama watoto vidole, midomo, urefu wa mikono, halafu, nikwambie ukweli, hutazama viti vilivyo wazi. Pipa kila mtoto anaitaka kwa sababu inapendeza pichani. Ila inapigwa kwa kucha za bandia zinazofungwa kwa gundi ya utepe kwenye vidole vyote vitano vya mkono wa kulia, na mkono wenyewe unageuzwa namna ambayo mtu hajaizoea katika kazi nyengine yoyote. Mwalimu mwenye viti sita vya ruan na watoto wanne atamwona mwanao kuwa ana vidole vya ruan, hata angekuwa na vidole vya malaika.

Sasa tuje kwenye swali lako zito: huu ndio muziki wa jadi?

Jibu langu ni nusu kwa nusu, na nusu hizo inafaa uzijue. Uchina wa zamani ulikuwa na makundi makubwa ya ikulu, na ulikuwa na vikundi vidogo vya mikahawa ya chai, vya opera, vya harusi na mazishi. Lakini hii okestra ya safu nne, yaani ala za upinde, za kudonoa, za kupuliza na ngoma, na kondakta kasimama mbele, na kila mtu ana karatasi yake, ni mtoto wa karne ya 20. Ilianza kuchipua Shanghai katika miaka ya 1920 katika chama cha muziki kilichoitwa Datong. Mwaka 1935 redio ya serikali mjini Nanjing ikawa na okestra yake. Na mwaka 1953 redio ya Beijing ikaunda ile ambayo, chini ya kondakta Peng Xiuwen, ikawa kiolezo cha karibu okestra zote zilizofuata. Waliposikia sauti za chini hazitoshi, wakachukua selo na besi kubwa kwa Wazungu, na hadi leo katika okestra nyingi ziko pale nyuma, upande wa kulia, hazijitangazi.

Wewe ni wa Unguja, kwa hivyo hili halitakushangaza. Taarab yetu ilipita njia hiyo hiyo. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905 hapakuwa na safu za fidla. Baadaye tukasikiliza Cairo, tukaongeza fidla, selo na besi, na leo mtu akikwambia ile si taarab ya asili kwa sababu ina selo utamcheka. Kwa hivyo usiidharau okestra ya mwanao kwa sababu ni changa. Ila pia usidhani kwamba akishaipiga miaka minne atakuwa ameujua muziki wa kale wa Wachina. Atakuwa ameijua okestra.

Hata jina lenyewe hubadilika mtu akivuka mpaka. Bara la Uchina husema minyue, muziki wa umma. Taiwan husema guoyue, muziki wa taifa. Hong Kong ni zhongyue. Hapo mlipo, na Malaysia, ni huayue, neno wanalolitumia Wachina waliohama kwa mambo yao wenyewe. Ala ni zile zile, ila kila mmoja kajiandikia ndani yake anachotaka kuwa. Na ala zenyewe nyingi ni wahamiaji kama nyinyi. Yangqin, ile ala ya nyuzi nyingi inayopigwa kwa vijiti vya mianzi, asili yake ni santur ya Waajemi, na jina lake la mwanzo lilimaanisha ala ya ng'ambo. Pipa iliingia kutoka Asia ya Kati. Suona ni ukoo mmoja na zumari letu. Siku ukiisikia kwa karibu utakumbuka harusi za Lamu, na utaziba masikio vile vile.

Atafundishwa vipi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo unapoweza kumsaidia hata bila Kichina.

Miezi ya mwanzo hataiona okestra. Watoto hugawanywa kwa ala: wa ruan na mwalimu wao chumba kimoja, wa dizi, ile filimbi ya mwanzi, chumba kingine. Wanajifunza kukaa, kushika, kupiga uzi mtupu chini na juu mpaka kifundo cha mkono kilegee. Kisha huja kile ambacho ala za kudonoa haziwezi kukwepa: uzi ukishapigwa sauti hufa, kwa hivyo ili noti ndefu ikae, mkono wa kulia unapaswa kupiga haraka haraka, mfululizo, bila kukaza. Watoto wengi hukaza bega, mkono unauma, na mwezi wa tatu au wa nne wanataka kuacha. Ukimwona mwanao anapandisha bega, usimwambie "piga vizuri", mwambie apige polepole. Dakika kumi kila siku zinatosha; saa mbili za Jumapili ni za kujiumiza.

Karatasi watakayompa haitakuwa na mistari mitano. Itakuwa na tarakimu. Wachina wanaita jianpu, na wazo lake lilianzia Ufaransa, likapita Japani kabla ya kufika kwao. Moja ni do, mbili ni re, mpaka saba. Nukta juu ya tarakimu ni sauti ya oktavu ya juu, nukta chini ni ya oktavu ya chini. Mstari chini ya tarakimu hufupisha noti kwa nusu. Kistari mbele yake huirefusha. Sifuri ni kimya. Juu ya ukurasa utaona 1=D au 1=G, maana yake do ya wimbo huu iko pale.

Kama umewahi kuimba kwaya, au una ndugu anayeimba kanisani bara, tayari unaijua: ni solfa ile ile ya d r m iliyoletwa na wamisionari, ila hapa herufi zimekuwa namba. Chukua wimbo wa Molihua, ule wa ua la asumini ambao karibu kila mtoto wa huko huanza nao. Mwanzo wake unaandikwa 3 3 5 6 1 1 6, kisha 5 5 6 5, na zile 1 zina nukta juu. Soma kwa solfa: mi mi so la do do la, so so la so. Umeshauimba. Mwambie binti yako auimbe hivyo kila jioni kabla hajashika ala. Nimewaona watoto wasiojua neno la Kichina wakiwapita wenzao kwa kuwa mama zao waliwaimbisha namba jikoni.

Tena tazama: hakuna fa (4) wala si (7) mahali popote hapo. Nyimbo nyingi za kienyeji za Wachina hukaa juu ya sauti tano, na ndiyo maana watoto wadogo huzishika upesi.

Ngoma na matoazi wana njia yao, na mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kabla mtoto hajagusa kitu, anasema. Dong ni ngoma, cang ni upatu mkubwa unapopigwa pamoja na wenzake, tai ni upatu mdogo. Darasa zima hukaa na kutamka "dong dong cang" kama wanaosoma kanuni ya hesabu, mpaka mdundo umewaingia, ndipo fimbo zinagawiwa. Kwetu fundi wa ngoma naye hukufunza kwa mdomo kwanza. Mbinu hii ni ya zamani kuliko okestra, imetoka kwenye opera, na hapo ndipo ile nusu ya jadi niliyokwambia hujificha. Haiko kwenye karatasi. Iko kwenye mdomo wa mwalimu.

Nifafanue. Katika muziki wa vikundi vya mikahawa ya Shanghai na vitongoji vyake, ule unaoitwa wa hariri na mianzi, yaani wa nyuzi na filimbi, watu hawapigi sehemu tofauti zilizoandikwa. Wote wanajua wimbo mmoja, mifupa yake tu, na kila ala inauvisha kwa namna yake: dizi inachezesha kidole, erhu inateleza kutoka sauti hii hadi ile, pipa inajaza matone. Wenyewe wanasema kutia maua. Ni kama unavyosikia katika taarab ala ya kanuni, udi na fidla wakipiga kiitikio kimoja, hakuna aliyekosea wala aliyefanana na mwenzake. Okestra haiwezi kuruhusu hayo: watoto hamsini kila mmoja akitia ua lake, itakuwa soko la Darajani. Kwa hivyo kondakta huyakata maua. Sauti nazo zilinyooshwa. Dizi za zamani zilikuwa na matundu yaliyopangwa kwa nafasi sawa, zikatoa sauti zilizokaa baina ya noti na noti. Zikatengenezwa upya ili zikubaliane na piano. Ni jambo lile lile kinanda cha umeme kilivyozifanyia maqamu zetu, yaani mipangilio ya sauti za taarab.

Simlaumu mtu. Watoto wa miaka tisa kuweza kukaa hamsini pamoja na kusikilizana ni jambo kubwa, na bila ya kunyoosha haliwezekani. Lakini mwalimu mzuri hutenga robo saa kando ya okestra, akawaambia watoto wanne: huu wimbo nitawaimbia, hakuna karatasi, nifuateni. Muulize mwalimu wa mwanao kama hufanya hivyo. Muulize kwa adabu, si kwa barua kwa mwalimu mkuu.

Maana upande wa pili ni huu. Singapore ina tamasha la sanaa la wanafunzi tangu mwaka 1967, ambako shule hupanda jukwaani na kupewa vyeti vya daraja tatu. Msingi na sekondari huenda kwa zamu, mwaka huu hawa, mwaka ujao wale. Mwaka wa zamu ukifika shule hubadilika. Mazoezi yanaongezwa, na muziki wote unakuwa kipande kimoja au viwili. Nilialikwa mara moja kusikiliza shule moja, sitaitaja, iliyokuwa imekipiga kipande kimoja tangu Januari mpaka karibu na Agosti. Walikipiga kama saa ya ukutani. Baadaye nikawaomba wanipigie wimbo wowote wa utotoni mwao, kwa kusikia tu. Wakatazamana. Mmoja akauliza karatasi iko wapi.

Wazazi nao wana sehemu yao katika hili. Huko mtoto anaweza kuombewa nafasi sekondari kwa kipaji chake kabla ya matokeo ya mtihani wa darasa la sita, na ala ni mlango mmojawapo. Kwa hivyo utakutana na mama mwenye mwalimu wa nyumbani mara mbili kwa wiki kwa mtoto wa darasa la nne, na mtoto mwenyewe hapendi kitu. Usiingie katika mbio hizo mwaka wa kwanza. Ukifika mwaka wa tatu na binti bado anashika ala bila kuambiwa, hapo fikiria.

Mambo mengine niyapitie haraka. Ala msinunue, shule huwa nazo za kuazima, na mtoto anaweza kuhamishwa au kuacha. Mnunulie risha mbili tatu, maana hupotea, na kitu cha kuweka chini ya mguu wa kushoto kama miguu haifiki sakafuni vizuri. Kichina kisikutishe, maneno ya mazoezini hayafiki hamsini, na namba atazishika ndani ya mwezi. La ibada: ndiyo, suona na ngoma huenda hekaluni na mazishini, kama zumari letu linavyokwenda kwenye ngoma za kila aina. Okestra ya shule hupiga nyimbo za kienyeji, dansi na tungo mpya za watunzi. Itapiga Mwaka Mpya wa Kichina, nayo ni sherehe ya shule. Kama kuna siku hutaki ashiriki, sema mapema.

Na kwa wale watakaosoma hapa ambao watoto wao wamepewa erhu: ngozi ile mbele ya kisanduku ni ya chatu, mnyama ambaye biashara yake inadhibitiwa kimataifa. Msiipakie kwenye sanduku la kwenda Zanzibar likizo bila karatasi zake za kibali. Hong Kong Chinese Orchestra ilianza mwaka 2005 kutengeneza za ngozi bandia kwa sababu hizo hizo, na ukipata ya namna hiyo umejiepushia maswali ya uwanja wa ndege.

Mpeleke kusikiliza. Singapore Chinese Orchestra wana ukumbi wao Singapore Conference Hall tangu mwaka 2001. Huko ataona safu ya ruan ya watu wazima na ataelewa kazi yake ni ipi. Kisha, na hili nalisisitiza zaidi, mtafutie nanyin. Ni muziki wa mji wa Quanzhou, kusini mwa jimbo la Fujian huko Uchina, ulioletwa Singapore na wahamiaji, na chama cha Siong Leng kimeushikilia hapo tangu mwaka 1941. Hakuna kondakta. Ni watu wachache wamekaa nusu duara, muimbaji ameshika vibao vya mbao, na pipa imelazwa mapajani kama ilivyokuwa ikishikwa zamani, siyo kusimamishwa kama siku hizi. Ni muziki wa polepole mno. Yeye atachoka dakika ya kumi na tano; muache achoke, mrudishe tena mwaka ujao.

Kuhusu kuhamia pipa: desturi ni kungoja mwisho wa mwaka, baada ya tamasha, na umuulize mwalimu wa ala za kudonoa, siyo kondakta. Mkono wa kushoto wa ruan utamfaa kwenye pipa, kwani zote zina freti na nyuzi nne. Mkono wa kulia ataanza upya kabisa. Lakini muulize kwanza yeye mwenyewe, wakati huo, kama bado anataka. Watoto wa ruan niliowajua walioahidiwa kuhamishwa, wengi mwakani walijifanya wamesahau.